Uliyenifundisha Nusu ya Kompyuta

Kwa Rukia, uliyekuwa shoga yangu,

Salamu zako zimenifika, na ombi lako la radhi kabla hujaenda Makka nimelisikia. Jibu langu kwa sasa ni hapana. Nawe wanijua, si mtu wa kutupa neno moja nikanyamaza. Kaa kitako nikueleze.

Nianze siku ulipoletwa chumba cha taipu, ofisini kwetu Barabara ya Pugu, msichana wa Magomeni mwenye kucha ndefu na vidole viwili vya kuchapia. Ulizisaka herufi kama kuku anayedonoa mchele, na wakubwa wakipita mlangoni walikucheka. Mimi ndiye niliyeomba meza yako isogezwe karibu na yangu. Nilikukatisha zile kucha, nikakuonyesha kwamba kila kidole kina kwao: kidole cha mwisho cha kushoto kinakaa juu ya A, cha pili yake juu ya S, kisha D, kisha F, na mkono wa kulia una zake. Kidole kinatoka, kinapiga, kinarudi kwao. Macho yanabaki kwenye karatasi unayoinakili. Uliposhindwa kuacha kutazama, nilikufunika mikono kwa kanga yangu.

"Shoga, huku giza," ulilalamika.

Nikakwambia vidole havihitaji taa. Baada ya miezi michache ulikuwa ukichapa barua nzima huku umenigeukia, unanisimulia harusi ya binamu yako na pilau lililoungua. Zilikuwa siku nzuri. Sizikani, na ndizo zinazonitia uchungu zaidi.

Kisha kompyuta ikaja. Ofisi ilikuwa na nafasi moja tu ya mafunzo, wiki mbili mjini, na wewe ukachaguliwa kwa sababu ya ujana wako, kwa sharti kwamba ukirudi utanifundisha mimi. Sikunung'unika. Lakini wiki uliyorudi ndiyo wiki tuliyosikia kwamba shirika linapunguza watu, na kwamba chumba cha taipu kitabaki na mtu mmoja. Tungepewa jaribio kwenye hiyo hiyo kompyuta. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba pale. Wewe ulikuwa wa mwisho kuajiriwa, na kwa desturi wa mwisho ndiye angetangulia kutoka.

Ulinifundisha kila jioni watu walipokwisha kuondoka. Ulinionyesha kuwasha, kufungua barua na kuihifadhi. Nikakuuliza habari ya mwisho wa mstari. Kwenye mashine zetu kengele ililia, tukausukuma ule mkono wa chuma, karatasi ikapanda na mstari mpya ukaanza. Huku hakuna kengele, basi mtu afanyeje?

"Hapa unabonyeza Enta," ulinijibu. "Kila mstari, shoga. Usisahau hata mmoja."

Nikauliza pia jinsi ya kukipeleka kile kialama kinachopepesa juu na chini bila kuhamisha mkono, maana vitufe vya mishale viko mbali, na kidole kikishatoka kwao hivyo kinapotea. Ukasema njia ni hiyo tu, nitazoea. Nilikushukuru. Kesho yake nilikuletea vitumbua.

Siku ya jaribio tulikaa ubavu kwa ubavu, kompyuta mbili za kuazima, barua moja ya ukurasa mzima. Mpiga taipu wa zamani husikiliza kuliko anavyotazama. Nilikusikia unachapa, na sikukusikia ukibonyeza Enta. Nikadhani umesahau kwa hofu. Nilikuonea huruma, Rukia. Nilitamani hata nikukoholee ukumbuke.

Nikamaliza kabla yako. Ofisa utumishi akasema, haya, sasa ongezeni sentensi hii katikati ya aya ya pili. Nikaiongeza. Barua yangu ikavurugika palepale: mstari mmoja ukatoka nje, unaofuata ukabaki na maneno mawili, mwingine mrefu, mwingine kipande, kama mbavu za ng'ombe aliyekondeana. Nikaanza kuunganisha mmoja mmoja, nikiinua mkono kwenda kwenye mishale na kuurudisha, macho chini, mimi niliyewafundisha wenzangu kutotazama. Kwako maneno yalisogea yenyewe na kujipanga. Ofisa akaja nyuma yangu, akasimama kidogo.

"Mama, wewe ni fundi," akasema, "lakini fundi wa cherehani ya jana."

Watu wakacheka, nawe ukainamisha uso. Nilidhani ni heshima.

Jioni hiyo ulinibebea kikapu mpaka kituoni, ukalia kuliko mimi. Ulisema riziki hupangwa na Mungu. Nikakubembeleza wewe.

Mwaka mzima nilijiona mjinga. Nilikataa hata kugusa mashine, nikiamini uzee umeniingia vidoleni. Kisha siku moja nikaenda kwenye duka la kuchapisha barua pale Mwenge, na kijana mwenye duka, Mchaga mmoja mwenye maneno mengi, akaniachia kiti nichape mwenyewe. Akanitazama nikibonyeza Enta mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Mama, mbona unajitesa? Acha iende yenyewe."

Nikaacha. Neno likafika ukingoni, likashuka lenyewe kwenye mstari wa chini. Nikamwuliza ameyajulia wapi hayo. Akasema hilo ndilo somo la siku ya kwanza, kabla hata ya kufundishwa kuhifadhi. Programu yake ya kuchapia ilikuwa ileile ya ofisini kwetu, akanionyesha na ile njia uliyoniambia haipo: ushikilie Kontroli kwa kidole kidogo cha kushoto, kisha E inakupandisha, X inakushusha, S inakupeleka kushoto, D kulia. Mkono hautoki kwao. Aliyeipanga programu ile alikuwa na watu kama mimi akilini, na wewe ulinificha.

Nimefikiri sana kwa nini. Mumeo alikuwa hana kazi, mtoto mchanga mgongoni. Ungeniambia, "Dada, nafasi hii niachie," ningefanyaje? Sitajipamba: huenda nisingekuachia. Lakini ningeshindwa au kushinda kwa vidole vyangu mwenyewe. Wewe hukuninyang'anya kazi tu. Uliniacha mwaka mzima nikivichukia vidole hivi, na ulikuwa unapita nyumbani kila Idi, unakula, unajua.

Sasa nafundisha barazani kwangu, hapa Temeke, mashine nne za taipu na kompyuta moja. Juzi mwanao akaja katikati ya somo. Binti ana adabu, shikamoo yake ya magoti. Akasema, "Mama anaomba radhi, kama amekukosea kwa kujua au kwa kutojua." Wanafunzi wangu wakasubiri nitamke kama inavyotamkwa, kwamba nimesamehe, nenda salama. Sikutamka. Kwa jirani niliyemmwagia maji ya vyombo, maneno hayo yanatosha. Kwako hayatoshi, kwa sababu ukiyatuma kwa mtoto na kuyafunga katika "au", unanitaka nisamehe kitu ambacho hata hukikiri.

Barua hii naituma kwa mkono wa mwanao, bila bahasha. Akiisoma njiani, na asome.

Nimeambiwa ndege yenu ni Alhamisi. Mimi nipo kila siku mpaka adhuhuri. Njoo mwenyewe, useme ulichofanya kwa maneno yako, na radhi nitakupa papo hapo, kwa moyo mweupe. Usipokuja, utasafiri bila radhi yangu, na hilo nitakuwa nimelifanya kwa kujua.

Dada yako wa meza ya jirani,
Mama Saada