Damu ya Kamera

Dada Nafula,

Hamjambo huko Bungoma? Mwenzako leo nimetoa damu! Ndiyo, mimi huyu huyu ninayekimbia sindano.

Nilikuwa naenda soko la Burma kununua nyama, nikaona hema la kutoa damu hapa mtaani Jericho, nikaingia kabla sijabadilisha nia. Kwenye kitanda cha kando yangu alilala mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba. Akamuuliza daktari kwa sauti, "Yangu ni kamera ama ni fagia?" Kule sokoni, kamera ndiyo nguo bora kwenye bale, lile furushi la mitumba, na fagia ni ile ya kumwagwa chini. Hema zima lilicheka!

Daktari, ambaye ni mtafiti wa damu, akasema mfuko mmoja unatenganishwa: seli nyekundu kwa aliyepungukiwa damu, chembe za kugandisha damu kwa mgonjwa wa saratani, maji ya manjano kwa aliyeungua. Mama akashtuka: "Kumbe mnafungua bale! Basi hapa hakuna fagia, kila kitu kina mwenyewe." Nilicheka hadi sindano ikatolewa bila mimi kujua.

Dada, siku ile ulipojifungua Simiyu na ndugu wakaitwa kukutolea damu, nilisema nina malaria. Sikuwa nayo. Nilijificha nyuma ya wodi, na mtu asiyekujua ndiye aliyekuokoa.

Leo na mimi nimempa mtu nisiyemjua.

Nibusie Simiyu. Mwambie kwamba mama yake mdogo ana plasta mkononi na hataki kuibandua.

Nekesa