Rufaa Nimeshinda, Wifi Hajaondoka

Nyumbani, chumba cha nyuma ya saluni,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Na shemeji, mgongo wake umepoa? Sisi huku wazima, mafua tu ya hapa na pale. Barua yako niliisomea saluni nikicheka peke yangu, mteja akadhani nakicheka kichwa chake.

Sasa shika moyo: rufaa nimeshinda! Chiriku wangu anarudi Ijumaa hii. Majaji wamesema kweli nilikosea kumfungia ndani peke yake, mtoto wa miaka sita, nikaenda kusuka maharusi. Lakini wakasema kosa lile halitoshi kumtenga na mama yake moja kwa moja. Nililia mpaka karani akaniletea kiti.

Ila kuna sharti. Jioni nikiwa kazini, lazima nyumbani awepo mtu mzima wa familia, na jina lake nilipeleke kwa afisa wa ustawi wa jamii kabla mtoto hajarudi. Na unajua nani kajitolea mbiombio? Wifi! Yuleyule dada wa marehemu mume wangu, aliyekaa na mtoto mwaka mzima kwa amri ya mahakama.

Dada, sikufichi, wivu unanila. Kila Jumapili anapomleta aje kuniona, nakuta nimetanguliwa. Jino limeng'oka, kalishika yeye. Kuandika jina, kamfundisha yeye. Hata nywele! Mimi msusi, watu wanapanga foleni kusubiri mkono wangu, halafu mwanangu mwenyewe ananijia na mistari imepinda hiyo, mmoja huku mwingine kule. Nikataka kuifumua, akafunika kichwa kwa mikono miwili: "Usifumue, kanisuka shangazi!" Nikacheka kwa nje. Ndani, weee!

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mbona huyu anataka kuujua na yeye?

Mahakamani niliomba kimoyomoyo aseme baya juu yangu, angalau nipate sababu ya kumchukia. Thubutu! Alisimama akasema mtoto humwulizia mama yake kila akiamka, na arudishwe. Hata wema kaniwahi. Wakili akaninong'oneza nimshukuru. Nikasema nitamshukuru, na mpaka leo sijafanya.

Ndiyo maana nikashika kalamu, nikuombe uje wewe. Wewe ni mama yake mkubwa, damu yangu, na hutanipokonya kitu. Afisa amesema unafaa kabisa. Kitanda kipo.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye barua, Dada, wifi akabisha hodi na mtoto. Sikungoja hata wakae. Nikatangaza kwamba mama mkubwa anakuja kuishi nasi. Chiriku akarukaruka, akapiga makofi. Kisha akatulia, akaniuliza, "Na shangazi atakuwa anakula na nani?"

Wifi akainama haraka, eti anatafuta viatu. Viatu alikuwa amevivaa.

Mwaka mzima nimekuwa nikihesabu alichonichukulia, sikuwahi kuwaza kwamba Ijumaa mtoto akirudi kwangu, yule mwanamke anabaki na nyumba tupu.

Basi usikate tiketi kwanza. Kesho nitapeleka jina la wifi kwa afisa. Usidhani nimegeuka malaika, la! Hivi ninavyoandika wako jikoni wanacheka, sijui wanacheka nini, na roho inaniuma kwelikweli. Nimewaacha wacheke.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na wale mapacha watundu. Wifi naye anakusalimu. Ndiyo, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, na uniombee moyo mpana zaidi ya huu nilio nao.

Mimi mdogo wako akupendaye sana,
Msusi