Kama Jana

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi sijambo, ila kazi imenishika koo. Hapa ghalani nina mikokoteni kumi na miwili ya umeme, haina dereva, na lazima ikubaliane yenyewe mwendo mmoja. Ikiongea kila dakika mtandao unalemewa, kwa hiyo nimeifundisha kunyamaza: mkokoteni hutoa habari pale tu mwendo wake unapobadilika vya kutosha. Ukinyamaza, mingine inaamini habari yake ya mwisho.

Nasi tufanye hivyo. Usijichoshe kuandika kila wiki. Andika macho yakibadilika.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mikokoteni yako ina adabu kumshinda shangazi yako! Nimekubali. Jicho la kulia lina ukungu kidogo, lakini nikiwa kitandani naisoma saa ya ukutani mpaka mshale wa sekunde. Nitajipima kwa saa hiyo kila asubuhi. Nikiona tofauti, nitaandika.

Baba yako, fundi saa

19 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hujambo kweli? Jana mkokoteni mmoja ulimbana mwenzangu wa zamu ukutani, akavunjika mguu. Ulikuwa ukipunguza mwendo kidogo kidogo tangu asubuhi, kimya. Ule wa nyuma ukaugonga na kuusukumia pale aliposimama. Kosa ni langu. Niliuagiza ujilinganishe na ulivyokuwa dakika iliyopita, badala ya habari uliyoitoa mara ya mwisho. Kila dakika tofauti ilikuwa ndogo mno.

Nilipokuwa nikisahihisha, nikakukumbuka wewe. Baba, wewe unajilinganisha na nini? Miezi mitano hujaandika, nami nimekuwa nikijisifu kwamba baba yangu ni mzima. Barua yako ya Machi ninayo hapa. Mshale wa sekunde bado unauona? Nijibu upesi, naogopa.

Binti yako

27 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Usishtuke kwa mwandiko huu. Ni wa jirani yetu mshonaji, mimi nasema, naye anaandika. Mpe pole mwenzako. Pole na wewe.

Nimelala kitandani nikaitazama saa. Mshale wa sekunde siuoni, wala wa dakika. Naisikia tu. Jirani ameniuliza tangu lini, nami sijui. Juni niliacha kutengeneza saa za mkononi, Julai nikaacha na za mezani, nikajiambia wateja wamepungua.

Sikukuficha, mwanangu. Kila asubuhi nilijipima, na kila asubuhi ilikuwa kama jana.

Usingoje barua nyingine. Njoo.

Baba yako