Abeer na Kundi Lake la Wacheza Ngoma

Shoga, umeyasikia ya Abeer, binti wa Mzee Hashil? Kafungua kundi la WhatsApp la wanawake wacheza ngoma wa Pemba nzima. Kaandika juu kabisa: wanaume marufuku.

Bi Time alimwambia, "Mwanangu, uliza kwanza simu ni za nani." Akajibiwa, "Bibi, mambo ya kisasa niachie mie."

Leo kaweka video anakata kiuno na kanga moja, eti anafundisha. Kanga moja, shoga.

Wa kwanza kujibu ni Maher wa Wesha: "Mke wangu kenda shamba, akirudi nitamwonyesha."

Kumbe nusu ya wanawake wamejiunga kwa simu za waume zao, na mamake Abeer mmojawapo.

Abeer kafuta mbio, lakini kajifutia kwenye simu yake tu. Akaandika, "Samahani, imeshatoka."

Haijatoka. Mzee Hashil kamjibu mbele ya wote: "Mamako anapika. Hii nimeifungua mie, babako."