Pachadi ya Anti Saroja

Zamda we!! Niko hospitali. Nimemlisha Anti Saroja sumu. Nakwambia sumu!

Leo ni mwaka mpya wa Kitamil. Anti, mwenye nyumba wangu hapa Bertrams, Johannesburg, alitaka pachadi: embe bichi, sukari guru, pilipili na maua ya mwarobaini. Eti mwaka uanze na utamu, ukali na uchungu pamoja. Maua yameisha maduka yote ya Fordsburg. Nikamwambia, "Mbona mwarobaini upo hapo nje?" Nikachuma majani, nikayakaanga, nikayatia.

Mwarobaini, Zamda! Mti ambao nimekunywa dawa yake utoto mzima kule Tanga!

Anti kala bakuli zima. Jirani yetu Thembeka akaingia, akaona matawi mezani. "Eish, Emiliana, huo si mwarobaini, unafanana nao tu! Ni umsilinga, mti wa sumu! Nguruwe wa baba walikufa kwa huo!" Hapo Anti alishaanza kutapika.

Sumu. Kwa mkono wangu huu.

Kwenye gari alinishika, akasema, "Usilie, mwanangu, hata mimi nilidhani ndio wenyewe." Ndipo nikalia kweli.

Daktari kauliza, majani au matunda? Majani. Mangapi? Kama kumi. Akashusha pumzi. Anasema matunda ndiyo mabaya zaidi, Anti atapona, ila watamwangalia hadi kesho.

Kisha akanigeukia. "Na wewe mpishi, ulionja?"

Zamda, nilionja mara tatu. Nakuandikia kutoka kitanda cha pili. Anti anakoroma. Mimi naogopa hata kufumba macho. Njoo.