Kitambaa Cheupe cha Mkuyuni

Mama,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko salamu hupokewa, lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba mtu hatangulizi shida kabla ya salamu, na shida ninazo. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Ni mimi Mejumaa, yule mtoto uliyesema atakitilia shaka hata kivuli chake.

Nakuandikia kwa sababu ya mto. Ulipotutoka mto ulikuwa umefurika. Homa ilikuchukua kabla tope la mafuriko ya Elnino halijakauka mlangoni, na watu waliokuja kukuzika walivuka bonde wamekunja nguo hadi magotini. Huu ni mwaka wa pili, na mtu avuka pale pale na viatu vyake wala havipati unyevu. Kisima cha msikitini nacho kimeingia chumvi. Wazee wasema mto ukikosa nguvu bahari hupanda kuja kuchukua nafasi yake. Hilo nimelisadiki, kwa kuwa nimelionja.

Konde letu la mpunga mafuriko yalilifukia kwa mchanga. Tulishinda tukiuchota kwa karai, na mwaka jana nikapanda nusu ya mbegu yako, ile ya madevu uliyorithi kwa bibi. Iliota vizuri. Ilipofika magotini mto ukapungua, ikakauka ikiwa imesimama, na mimi nimesimama kando naitazama. Nililia, Mama. Nusu iliyobaki imo kibuyuni, juu ya moshi wa jiko, pale pale ulipokitundika. Kaka Hamisi, ambaye bado ni bawabu hotelini Diani, aniambia niache kujitesa, mchele umejaa madukani Ukunda. Mchele umejaa, sikatai, lakini si huo. Nimeuliza bonde zima, nimeulizia hadi Vanga, hakuna aliyebakiwa na mbegu hiyo. Nikiipanda na mto usije, imekwisha. Nikiiweka, itazeeka kibuyuni. Juzi niliroweka punje kidogo katika kifuu, na zilizochipua zilikuwa chache kuliko zilizolala.

Basi nikaanza kumtafuta mwizi wa maji. Wanijua.

Kwanza niliyashuku magari ya maji yapelekayo hotelini. Nilimhoji Hamisi hadi akaacha kula. Akaniapia kwamba yale maji hutoka visimani, tena hoteli zenyewe siku hizi wageni hawazijazi. Nikawashuku wachimba mchanga. Nikamshuku hata imamu, kwa kuwa aliomba mvua siku ambayo nguo zake zilikuwa zimeanikwa nje. Usicheke.

Kisha chifu akaita baraza Msambweni, akaja kijana wa idara ya maji, shati limepigwa pasi. Akasema bahari imepata joto, pepo zimebadilika, kwa hiyo huenda mvua ikawa inakuja yote kwa pamoja kisha inapotea, na mito mifupi kama wetu huenda ikafurika mwaka mmoja na kukauka mwaka unaofuata. Nikamwuliza ni nani aliyeipasha bahari moto. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema ni moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali, miaka mingi, na kwamba misitu tunayoikata kule juu nayo haisaidii. Nilimtazama nione anauza nini. Hakuuza kitu, na hilo likanitia shaka zaidi. Halafu kila sentensi yake ilikuwa na huenda. Mtu mwenye hakika, nilijiambia, hasemi huenda. Na mshitakiwa gani huyo anayekaa Ulaya, ambaye chifu hawezi kumwita?

Mimi nilikuwa na mshitakiwa wa karibu. Mzee Mutua, yule Mkamba wa kule juu upande wa Kikoneni, mwenye shamba la mboga na pampu. Wakumbuka mlivyogombana naye alipoileta. Ulimwambia desturi ya bonde letu, kwamba wa juu humwagilia kisha hufungua mfereji, wa chini naye apate. Alikuitikia kwa kichwa tu. Tangu siku hiyo nilimweka moyoni, na mto ulipokauka sikuwa na haja ya kijana wa shati la pasi kunieleza.

Nikapanda mto kwa miguu, Mama, ndani ya mto wenyewe, juu ya mchanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilikuwa nayo makali. Nilitaka nimkute pampu inanguruma.

Nilimkuta amepiga magoti katikati ya mto anafukua kwa sufuria. Pampu ilikuwa imelala ukingoni, buibui wamefunga utando mdomoni mwake. Mboga zake zote zilikuwa zimekauka. Aliponiona aliinuka, akavua kofia, na kabla sijafungua kinywa akaanza yeye.

"Mama, mimi sitaki maneno. Kama ni kuku, nitaleta kuku. Nyinyi mufungue tu hii mto."

Nikamwuliza, "Tufungue nini, mzee wangu?"

Akanionyesha mkuyu ulio juu ya chemchemi yake. Mama, kitambaa chako kipo. Kile cheupe mlichokuwa mkienda kukifunga kila mwaka wewe na wanawake wa bonde, na ubani na wali mweupe, kushukuru kabla ya kupanda. Ulikifunga mara ya mwisho kabla ya mafuriko, na tangu ulipoondoka hakuna aliyekwenda kukibadilisha. Yeye alikuoneni kwa mbali, baada ya ule ugomvi. Mto ulipofurika akadhani ni wewe. Ulipokauka akadhani uliufunga kabla hujafa, ukaondoka na ufunguo wako. Miaka yote hii alikuwa akipita mbali na mti huo, hata kuni zake hakuokota, na alikuwa akitushuku sisi usiku na mchana kama mimi nilivyomshuku yeye.

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikamweleza kwamba ile ni shukrani tu, kwamba wewe hukuwahi kumfunga hata mbuzi akafungika. Hakusadiki. Naye namwelewa, mimi nami nisingesadiki. Mwishowe nikaona njia ni moja. Nikapanda kwenye mizizi, nikasoma Fatiha kwa ajili yako, nikakifungua.

Tukasimama wote wawili tukautazama mto. Nakwambia kweli, Mama, hata mimi nilingoja. Nilijua hakuna kitu, lakini nilisimama pale na kitambaa mkononi nikisikiliza kama kuna maji yanayokuja. Hayakuja. Mzee Mutua akavaa kofia yake. Akasema, "Basi si nyinyi." Nikamwambia, "Wala si wewe." Sijawahi kuona watu wawili wakihuzunika hivyo kwa kuambizana hawana hatia.

Kwani mwizi ana faida yake. Mwizi unamwendea, unamtukana, unampeleka kwa chifu, anarudisha. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namfikiria yule kijana na huenda zake. Huenda alisema huenda kwa kuwa hakutaka kutudanganya. Bado sijawasamehe hao wa moshi, uwaambie malaika wakiuliza. Na hao nao nitaendelea kuwashuku, maana kwa hili sina sababu ya kuacha.

Lakini niliona jambo kule juu. Chini ya mkuyu chemchemi haijafa. Ni unyevu tu, pahali padogo kama ukumbi wetu, matope meusi yenye nyayo za ndege. Mto hautoki tena pale, lakini mpunga ungesimama. Na huyo mzee hakatai kubeba maji kwa debe, nimeona mabega yake.

Nilikaa na kibuyu mapajani hadi chakula kikaungua. Mbegu ya bibi, mbegu yako, na mtu ambaye juzi tu nilikuwa naenda kumtukana. Hamisi akasema nimerogwa. Wewe ungesema nini sijui, kwa kuwa wewe hukumpa mtu mbegu ile ila kwa mkono, tena wa nduguyo. Nimekuomba ruhusa kaburini na hukunijibu, nikalichukua jibu hilo nilivyotaka.

Nimeigawa. Nusu nimeibakisha hapa, nitaipanda konde letu mvua ikianguka, nione kama mto una aibu. Nusu nyingine niliifunga katika kile kitambaa chako. Pembe moja imeoza lakini katikati bado kizima. Nikampelekea. Alikipokea kwa mikono miwili, akakishika mbali na kifua, maana bado anakiogopa. Nikamwambia akiogope vivyo hivyo, na kwamba nitakuwa napanda kuja kuikagua, asidhani namwamini kabisa. Akasema, "Kuja tu. Mimi pia nitakuwa nakuangalia." Nadhani tutapatana.

Sasa nakuaga, Mama. Kalale, usituangalie sana, tutakutia wasiwasi bure. Ahadi yangu ni hii: ikitoka shuke moja tu, kwake au kwangu, nitazichuma punje zake zikiwa bado mbichi, nizikaange, nizitwange ziwe pepeta kama ulivyonifunza, na ya kwanza nitaigawa kwa watoto mbele ya kaburi lako kwa jina lako. Na Mzee Mutua atakuwapo. Nitamweka karibu nami, nimwone anavyotafuna.

Mwanao,
Mejumaa