Ndiyo ya Mama Shamimu

Ijumaa, mwisho wa Novemba. Rebero, Kigali.

Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kukoma. Dirishani kwangu mji hauonekani, ukungu umeufunika wote. Nimeomba nifanyie kazi nyumbani leo. Nilisema nina mafua. Sina mafua.

Chai nimekunywa nusu kikombe, mkate sijaugusa. Ripoti iko wazi kwenye kompyuta, na kila nikifika ukurasa wa kumi na moja macho yanauruka yenyewe, kama mtu anayepita mbele ya duka anakodaiwa.

Ngoja niandike kwa utaratibu. Labda nikiandika nitapumua.

Kazi yangu ni kupima miradi. Shirika letu dogo linaendesha darasa la kusoma, kuandika na hesabu za biashara kwa wanawake wa mtaa wa Gitega, hapa hapa Kigali, na mimi ndiye ninayetakiwa kusema kama darasa limewafaa. Mfadhili anataka kujua zaidi ya hapo: wanawake wenyewe waliulizwa? Walisikilizwa? Kuna jambo lolote waliloliamua wao? Hayo ndiyo niliyoyasomea. Tasnifu yangu yote ilikuwa juu ya kushirikisha watu. Neno "uwezeshaji" naweza kulizungumzia saa nzima bila kunywa maji.

Ripoti inatakiwa kuondoka Jumatatu. Ukurasa wa kumi na moja unasema kwamba karibu wanawake wote waliulizwa maoni kabla ya saa za darasa kupangwa. Kwa hiyo saa zibaki zilivyo, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo aliyekosa zaidi ya mara tatu aondolewe na nafasi yake apewe mwingine, maana aliulizwa na akakubali. Kwa hiyo mwakani darasa lipelekwe pia Ndera, eneo jingine la Kigali, kwa mpango huo huo.

Mkurugenzi wetu, tunamwita Madam, aliupenda sana ukurasa huo. Aliniambia, "Keza, hapa umefanya kazi." Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima kama mtoto na kiatu kipya.

Jana nilikwenda Gitega kuwarudishia wanawake matokeo. Ndivyo tunavyosema, kuwarudishia. Kusema ukweli, huwa ni sherehe ndogo: unasoma, wanapiga makofi, mnapiga picha, unaondoka. Nilibandika karatasi zangu kubwa ukutani, nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye saa za darasa, makofi hayakuja.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Shamimu, fundi cherehani, mwanamke wa sauti nene ambaye hukaa karibu na mlango ili aone wateja wanaopita barabarani.

"Weee Keza, hiyo maneno iko ya nani?"

"Yenu, Mama Shamimu. Ni majibu yenu."

"Yetu? Sisi tuliuliziwa saa lini? Sha, ile saa tuliikuta kwa karatasi, imebandikwa kwa mlango."

Nikamwambia, kwa upole ule wa kitaalamu ninaouchukia nikiusikia kwa wengine, kwamba nilimuuliza mwenyewe barazani kwake, na akanijibu ndiyo.

"Eeh, nilisema ndiyo. Si uliniuliza hivi, 'Mama Shamimu, hujawahi kuulizwa kuhusu saa?' Nikakujibu ndiyo." Akawageukia wenzake, mikono wazi. "Ndiyo! Sijawahi!"

Darasa zima likaangua kicheko. Bibi Zaina, muuza nyanya ambaye ndiye mkubwa wao wote, alishika mbavu. "Mwanangu, umesoma mpaka umesahau ndiyo? Basi Mungu amekuhurumia hukuniuliza 'Bibi, hujafa?' Ningesema ndiyo, ungeandika nimekufa!"

Nilicheka nao. Sijui nilicheka vipi, maana ndani nilikuwa nimeganda.

Walikuwa sahihi. Nilijua palepale kwamba walikuwa sahihi.

Fomu iko kwenye tableti, kwa Kiingereza, na swali lenyewe ni la moja kwa moja: uliulizwa au hukuulizwa? Mimi ndiye niliyekuwa nalitafsiri nikiwa nimesimama barazani. Kumwambia mwanamke mzima "Je, uliulizwa?" kulisikika kama askari anayehoji. Nimelelewa Bukoba, na mama yangu alinifundisha kwamba ukitaka kumuuliza mtu mzima kitu, unakizungukia kwanza. Kwa hiyo nilizungukia. "Hujawahi kuulizwa, mama?" Wakasema ndiyo, wengine wakasema yego kwa Kinyarwanda, na maana ilikuwa moja: ndivyo ulivyosema, sijawahi. Nami nikagusa kisanduku cha ndiyo.

Nyumba baada ya nyumba. Siku nne.

Mwenye kunisoma anaweza kusema, si kosa dogo tu la lugha? Lakini lugha hiyo ni yangu. Nyumbani mama akiniuliza "Hujala?" nami nina njaa, nilikuwa najibu "Ndiyo," na sahani inakuja. Hakuna siku hata moja mama alidhani nimeshiba. Mtoto wa miaka mitano alikuwa anajua nilichokisahau mimi mwenye digrii mbili.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku ya pili barazani, mwanamke mmoja alisema ndiyo huku akisonya na kutikisa kichwa. Niliona. Kitu kilinigusa moyoni kidogo. Lakini majibu yalikuwa yanakuja mazuri, yanalingana, na nilikuwa nimeanza kuipenda ripoti ambayo sijaiandika bado. Nikagusa ndiyo, nikamshukuru, nikaenda nyumba inayofuata.

Vicheko vilipokwisha, Mama Shamimu aliuliza jambo moja tu, na safari hii hakuwa anatania.

"Na ile jina yangu?"

Amekosa mara nne. Saa kumi ndipo watu wanatoka kazini na kupita kuchukua nguo zao. Akifunga baraza saa hiyo, mteja anakwenda kwa fundi wa pili na harudi. Lakini cheti cha darasa anakitaka kuliko mtu yeyote ninayemjua, kwa sababu koperative, ushirika wa mafundi wanaoshona sare za shule, haimpokei mtu asiyekuwa nacho. Alikuja darasani hajui kuandika jina lake. Sasa anaandika vipimo vya wateja kwenye daftari, kifua, kiuno, urefu, kwa mwandiko mkubwa wa duara. Jina lake liko kwenye orodha ya watakaoondolewa. Ripoti ikiondoka Jumatatu, orodha inafungwa.

Nilimjibu, "Nitaangalia."

Nitaangalia. Nadhani ni jibu la mwoga kuliko yote tuliyonayo katika Kiswahili.

Jioni Madam alinipigia. Aliuliza maswali mawili kwa pumzi moja: ripoti imekwisha, na hakuna tatizo lolote Gitega?

Nikasema, "Ndiyo, Madam."

Ndiyo, hakuna? Ndiyo, lipo? Nimejaribu tangu jana kujidanganya kwamba sijui nilimaanisha nini. Najua. Nilitaka asikie anachopenda kusikia, na mkataba wangu unaisha Desemba.

Kwa hiyo niko hapa, na mvua, na ukurasa wa kumi na moja.

Kuna njia rahisi. Naweza kuifuta aya ile kimyakimya, niweke sentensi isiyosema lolote. Nimeshaijaribu. "Ushirikishwaji katika upangaji wa ratiba unaweza kuimarishwa zaidi." Inateleza vizuri. Haina mtu ndani yake. Mama Shamimu anaondolewa, na hakuna atakayejua ni nani aliyemwondoa.

Nimeifuta.

Saa nne nilimpigia simu Mama Shamimu. Nilikuwa nimekwisha panga kila kitu kichwani: kesho ni umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mtu atakuwa mtaani kwake asubuhi. Ikimalizika tu nawakusanya, naliuliza lile swali upya, naliuliza wazi, Jumapili naandika, Jumatatu ripoti inaondoka na hakuna anayejua lolote. Sentensi ilikuwa mdomoni: "Tukutane kesho saa sita, sawa mama?" Na angesema sawa. Wote wangesema sawa. Wangekuja na kanga za kujifunika mvua, wangekaa kwenye mabenchi, na mimi ningewauliza kama huwa wanaulizwa.

Niliimeza sentensi hiyo.

"Keza? Uko?"

"Niko, mama. Nilikosea. Nataka kurudi niwaulize upya, na nataka kumwambia bosi wangu kwamba nilikosea. Mnataka tukutane siku gani, saa ngapi?"

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Saa tunasema sisi?"

"Ninyi."

"Hata kama ni saa mbaya kwako?"

"Hata kama."

"Eeh." Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtu aliyeshughulika: "Mimi siwezi kusema peke yangu. Ngoja niwaulize wenzangu, baada ya sala ya Ijumaa. Ukae na simu."

Nimekaa na simu.

Sijui kwa nini kusubiri huku kunanitisha kuliko yote. Miaka yote nimeandika kwamba watu waachiwe waamue, na sikuwahi kujiuliza anayewaachia anajisikiaje. Anajisikia hivi. Nimeosha vyombo ambavyo ni visafi. Nimehesabu siku mara tatu: wakisema kesho, nawahi. Wakisema Jumapili, nawahi kwa shida, nitaandika hadi alfajiri. Nimejikuta naomba, kweli naomba, waseme kesho. Yaani hata sasa nataka jibu langu litoke vinywani mwao.

Saa nane na nusu. Ujumbe umeingia.

Si simu, ni ujumbe, kutoka kwa Mama Shamimu. Hajawahi kuniandikia. Nimeusoma nimesimama katikati ya chumba:

"keza tumekubariana jumane saa ine asubui. wote 23 wanakuja. usicherewe"

Jumanne.

Hakuweka sababu, wala hakuomba samahani. Ningekuwa mimi ningeeleza mistari kumi.

Nimeusoma tena na tena. Sijui kama ninachohisi ni woga au ni kitu kingine ambacho sijakizoea. Nimemjibu kwamba nitafika saa nne kasorobo. Sikuuliza kama Jumatatu haiwezekani. Niliandika swali hilo, nikalitazama, nikalifuta.

Kwa hiyo Jumatatu ripoti haiondoki. Kwa mfadhili tutaonekana wazembe, na Madam atakumbuka kwamba jana jioni aliniuliza, na atakumbuka nilivyomjibu. Inawezekana Desemba nikawa natafuta kazi. Inawezekana orodha ikafungwa bila ripoti yangu na yote haya yakawa bure. Hilo siwezi kulizuia peke yangu, lakini naweza kuomba ingojee Jumanne, na naweza kutaja jina la mtu aliyekosea.

Mvua imepungua kidogo. Nimenawa uso. Nampigia Madam sasa hivi, kabla hajaniuliza.